Chumvi Haiingii Peke Yake

Karibu kila aliyepita sekondari kwetu anaijua sentensi hii, hata kama Baiolojia aliiacha zamani: vitu hutoka pale vilipo vingi kwenda pale vilipo vichache, mpaka pande mbili zilingane. Hiyo ndiyo difusheni. Kisha mwalimu anaongeza utando unaopitisha maji lakini unazuia chumvi au sukari, na maji yanaelekea zaidi upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ni osmosisi. Unachora mishale miwili mitatu, unakariri maana zake kwa Kiingereza, unafanya mtihani, maisha yanaendelea.

Ila sentensi hiyo haibaki darasani. Naikuta kwenye mazungumzo ya watu wazima ikiwa imevaa nguo nyingine: "Asili yenyewe inataka usawa." Anayesema hivyo anaweza kuwa anamtetea maskini. Anaweza kuwa anadai mipaka ya nchi ifutwe. Anaweza kuwa anamfariji mtu aliyedhulumiwa: wewe subiri tu, mambo yatajisawazisha. Sisi tuliokulia kwenye nchi ya Azimio la Arusha la 1967, neno usawa halipiti masikioni hivi hivi. Mimi mwenyewe naamini usawa wa binadamu, tena bila kusitasita. Ndiyo maana inanitisha kuona imani hiyo ikijengwa juu ya mfano ambao, ukiusoma mpaka mwisho, unasema jambo jingine kabisa. Basi maswali yangu ni mawili. Seli inasema nini kuhusu usawa? Na je, ina mamlaka gani ya kutufundisha maadili?

Tuanze na hilo neno "inataka". Dondosha tone la wino kwenye glasi ya maji yaliyotulia, usikoroge. Baada ya muda rangi itaenea glasi nzima. Ukiangalia unaweza kudhani wino una hamu ya kugawanyika, kama vile kuna mzee ndani ya glasi anayesimamia mirathi. Hakuna. Kila chembe ya wino inagongwagongwa na chembe za maji kutoka kila upande na kutangatanga bila mpango wowote. Ikiwa upande huu ziko elfu moja na upande ule ziko kumi, basi hata kama kila moja inakwenda kibubusa, zitakazovuka kutoka huku zitazidi zitakazorudi. Baadaye zinazokwenda na zinazorudi zinalingana idadi, na sisi tunasema msawazo umefikiwa. Chembe zenyewe wala hazijui. Zinaendelea kutangatanga vilevile. Hiyo ni hesabu, siyo haki.

Osmosisi nayo ni hivyo hivyo, na hii watu wa jikoni waliijua kabla ya watu wa maabara. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet alijaza pombe kali kwenye chombo, akakifunga mdomo kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Kibofu kikavimba: maji yaliingia kwa wingi kuliko pombe ilivyotoka. Lakini yeyote aliyewahi kukata vitunguu vya kachumbari, akavinyunyizia chumvi na kuviacha, ameona bakuli likijaa maji ambayo hakuyamimina. Yametoka ndani ya kitunguu chenyewe. Na muuza papa mkavu anajua kwamba chumvi hainogeshi tu. Inanyonya maji kutoka kwenye nyama, na vijidudu vya kuozesha navyo vinanyonywa maji yao.

Kwa sababu hiyo hiyo mgonjwa hospitalini hatundikiwi maji matupu kwenye dripu. Dripu ya chumvi ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Kiasi hicho hakijachaguliwa kwa bahati. Seli nyekundu za damu ukizitia kwenye maji matupu, maji yanaziingia mpaka zinapasuka. Ukizitia kwenye maji ya chumvi kali mno, zinanywea. Maji hayamhurumii mtu na wala hayamkomoi. Yanafuata hesabu.

Mpaka hapa mtu wangu wa "asili inataka usawa" bado anaweza kujitetea. Atasema: sawa, hakuna nia, lakini mwelekeo si upo? Vitu si vinalingana mwishowe? Hapa ndipo tunapofika kwenye ule ukurasa ambao nao hufundishwa shuleni, ila haukupata bahati ya kugeuzwa methali.

Seli hai haijalingana na kilicho nje yake. Si kidogo tu. Katika mwili wako sasa hivi, sodiamu iliyo nje ya seli ni zaidi ya mara kumi ya iliyo ndani. Potasiamu ni kinyume: ndani ni kama mara thelathini ya nje. Kwa hesabu ya wino kwenye glasi, tofauti hiyo ilipaswa kuisha zamani, maana utando unavuja. Haiishi kwa sababu kwenye utando kuna pampu. Kila mzunguko mmoja inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na inalipia kwa chembe moja ya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati mwilini. Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya chakula unachokula, hata ukiwa umelala usingizi, inakwenda kulipia pampu hizo.

Sasa fikiria damu imezuiwa kufika mahali fulani mwilini. Oksijeni inakatika, ATP inakwisha, pampu zinasimama. Sodiamu inaanza kuingia, maji yanaifuata, seli inavimba. Potasiamu inatoka. Taratibu ndani na nje vinaanza kufanana. Hapo ndipo ule usawa unaosemwa kwamba asili inautaka unapopatikana: seli inapokufa. Kwa maneno mengine, uhai ni tofauti inayolipiwa kila sekunde, na siku malipo yakikoma tofauti inafutika.

Najua kuna atakayefurahi kusikia hivyo. Namsikia kabisa: "Umeona? Kutokuwa sawa ndiyo uhai. Mwenye nacho awe nacho, asiye nacho avumilie, hata seli inajua." Huyu naye asiondoke na ushindi wa bure. Amefanya kosa lile lile la mwenzake, ila ameangalia upande wa pili.

Hebu tuangalie ile tofauti ya sodiamu inafanya kazi gani. Haikai tu kama dhahabu ndani ya sanduku. Inatumika. Mshipa wa fahamu unapopeleka habari kwamba umekanyaga mwiba, ni sodiamu inayomiminika ndani kupitia milango iliyofunguka kwa muda mfupi sana. Utumbo unapofyonza sukari ya ugali uliokula mchana, ni sodiamu inayorudi ndani ikiivuta sukari pamoja nayo. Pampu inaitoa nje, inarudi ikiwa na kazi, inatolewa tena. Ni kama bwawa la umeme: maji yamezuiwa juu siyo kwa sababu juu kuna heshima, bali ili yanaposhuka yazungushe mitambo. Bwawa ambalo halishushi maji ni hatari kwa waliolala bondeni na halina faida hata kwa aliyelijenga.

Kwa hiyo ukishika mfano wa seli, usiushike nusu. Kinachoiweka hai siyo tofauti peke yake. Ni tofauti inayotumiwa, na kutumiwa kwa faida ya mwili mzima unaoilipia. Utajiri uliorundikwa mahali pamoja usirudi kufanya kazi hauna mfano wake hapa.

Ukitaka kuona kazi hii ya mpaka bila hadubini, nenda kwenye mikoko, iwe Lamu au delta ya Rufiji. Miti ile imesimama kwenye maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mti wa kawaida hapo ungenyauka huku umezungukwa na maji, kama baharia anayekufa kwa kiu katikati ya bahari. Mkoko, ule wenye mizizi iliyojipinda juu ya tope kama magoti, huizuia sehemu kubwa ya chumvi pale pale mizizini. Jirani yake mchu nao huzuia nyingi, lakini ile inayopenya huisafirisha mpaka kwenye majani na kuitoa nje kwa vitundu maalumu. Lamba jani la mchu uone: lina chumvi. Bahari moja, majirani wawili, namna mbili za kuishi na kile kinachoweza kukuua. Wala hakuna hata mmoja aliyejifunga kabisa, kwa sababu mti uliojifunga kabisa haunywi maji.

Nimesema mpaka, na najua neno hilo lina majeraha yake. Tunapoongea kuhusu mipaka, iwe ya nchi, ya dini, ya ukoo au ya lugha, huwa tunagawanyika makundi mawili: wanaotaka ukuta na wanaotaka uwanja wazi. Seli haiko kwenye kundi lolote. Na mfano ulionishawishi kuliko yote juu ya hili ni ugonjwa, tena ugonjwa tunaoufahamu vizuri huku kwetu.

Kipindupindu hakitoboi utumbo. Sumu yake inafanya kitu cha hila zaidi: inakwamisha mlango ukiwa wazi. Seli za utumbo zinaanza kutoa kloridi bila kukoma, sodiamu inaifuata, na maji, ambayo hayana pampu yake mwilini bali hufuata chumvi, yanafuata nayo. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa. Ukimnywesha maji matupu, yanapita tu. Ukimnywesha maji ya chumvi peke yake, haisaidii vya kutosha. Kwa muda mrefu tiba ya kutegemewa ilikuwa dripu, na dripu inataka sindano, chupa, muuguzi na barabara ya kuvifikisha.

Kumbe kulikuwa na mlango mwingine ambao ugonjwa haukuugusa. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Robert Crane alieleza wazo kwamba utumbo hufyonza sukari kwa kuiunganisha na sodiamu. Leo tunajua mlango huo unapokea sodiamu mbili na glukosi moja, kwa pamoja. Mmoja akikosekana, mwenzake hapiti hapo. Na kinachovuta wote wawili ndani ni ile tofauti ya sodiamu iliyolipiwa na pampu. Wakishaingia, maji yanafuata. Yaani maji yale yale yasiyo na huruma, ukiyawekea chumvi upande unaofaa, yanamrudia mgonjwa.

Mwaka 1971, wakati wa vita iliyozaa Bangladesh, wakimbizi walivuka kwa mamilioni kuingia India, na kipindupindu kikaingia makambini. Huko Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wakiwa wamelala chini. Alichofanya ni kuchanganya sukari, chumvi na magadi kwa vipimo, akayeyusha kwenye maji safi ndani ya mapipa yenye bomba, na kuwaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Mama, kaka, shangazi, yeyote aliyekuwa na kikombe. Katika kambi hiyo vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la tiba la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa namna sukari na chumvi vinavyosaidiana kuingiza maji huenda ukawa hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Leo mchanganyiko huo uko kwenye pakiti kila zahanati, na pakiti zikikosekana, mama anafundishwa kipimo cha nyumbani: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeisikia methali hii mara nyingi ikitumika kwa maana ya kitoweo: mgeni akija, kuku anachinjwa, na wenyeji nao wanakula vizuri. Kwenye utumbo wa mgonjwa yule wa Bangaon methali imekuwa kweli neno kwa neno. Aliyemponya mwenyeji ni mgeni aliyeingia. Lakini hakuingia kwa sababu mlango umeachwa wazi. Mlango ulioachwa wazi ndio uliokuwa unaua. Aliingia kwa mlango unaojua kupokea, akiwa na mwenziwe mkononi.

Hata huo ukarimu una kipimo. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mchanganyiko wake mwaka 2002, likapunguza sukari na chumvi, kwa sababu ule wa awali ulikuwa mkolezo kupita ulivyohitajika. Ukizidisha sukari kwenye kikombe, osmosisi inakugeukia: maji yanavutwa kurudi tumboni badala ya kuingia mwilini. Nia ya mwenye kumimina ni ile ile, upendo wake ni ule ule, ila mtoto anazidi kuharisha. Wema usiopima unaweza kudhuru, na hili si fumbo.

Sasa nirudi kwenye swali la pili, la mamlaka. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alianza kuchapisha mwaka 1739 kitabu ambamo aliwalalamikia waandishi wanaoeleza mambo yalivyo, kisha ghafla wanaruka kwenye yanavyopaswa kuwa, bila kuonyesha daraja walilopitia. Lalamiko lake linatuhusu wote hapa: mimi, mtetezi wa usawa na mtetezi wa matajiri. Seli haipaswi lolote. Haichagui. Pampu haina dhamiri, na sumu ya kipindupindu haina uovu. Anayetaka kuthibitisha kwamba binadamu ni sawa, athibitishe kwa sababu za kibinadamu: kwamba maumivu ya huyu si madogo kuliko ya yule, kwamba hakuna aliyezaliwa na cheti cha kumtawala mwenzake. Sababu hizo zinasimama zenyewe. Hazihitaji tone la wino.

Ila kuna kitu mfano unaweza kufanya bila kuwa hakimu: unaweza kutufundisha kuuliza vizuri. Tangu nianze kuifikiria seli kwa namna hii, kila ninapokuta ugomvi wa mpaka naacha kuuliza kama ufungwe au ufunguliwe. Nauliza mambo matatu. Nani analipia kuulinda? Tofauti inayolindwa inafanya kazi gani, na kwa faida ya nani? Na anayeingia, anaingia na nani, kwa mlango upi?

Jaribu maswali hayo kwenye jambo letu sisi wasomaji, lugha. Kuna wanaotaka Kiswahili kisafishwe kibaki kitupu, na kuna wanaosema acha kila neno liingie linavyotaka. Angalia neno kitabu. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko ki- ya mwanzo ni sehemu ya mzizi tu. Kiswahili kikalipokea, kikaisoma ile ki- kama yake, kikazaa vitabu. Vivyo hivyo madereva wa Tanzania walikuta kibao cha Kiingereza kwenye mzunguko wa barabara kinachosema kaa kushoto, wakapata kipilefti, na kesho yake wakapata vipilefti. Maneno hayo hayakuzuiwa na wala hayakuachwa yapite yalivyo. Yamekabidhiwa kazi, kama yule mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Lugha iliyokufa ndiyo isiyo na tofauti tena na iliyoizunguka, au ile iliyojifunga isipate maji.

Mtu aliyedhulumiwa, yule anayeambiwa asubiri mambo yajisawazishe, anastahili kuambiwa ukweli. Mambo hayajisawazishi kuelekea haki. Yakiachwa yenyewe yanajisawazisha kuelekea kifo, kwa upole na bila chuki. Haki ikipatikana ni kwa sababu kuna mtu amelipa. Pale Bangaon tofauti kati ya sukari na chumvi kukaa kwenye mapipa na kuingia mwilini ilikuwa ndugu aliyechuchumaa pembeni ya mgonjwa, ananywesha kikombe, anasubiri kidogo, ananywesha tena, usiku kucha.